Kusoma Uhandisi wa Pwani na Bahari Kuu Ngazi ya Uzamili: Mwongozo Kamili kwa Mhandisi wa Afrika Mashariki

Wahandisi vijana wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanaoniuliza kuhusu shahada ya uzamili katika uhandisi wa pwani na bahari kuu huanza, karibu wote, na maswali mawili: chuo kipi ni bora, na nani atalipa. Maswali hayo yana majibu, na humu nitayajibu, lakini si ya kuanza nayo. Mwombaji anayeanza na chuo huandika maombi yanayofanana na ya mamia ya wenzake. Anayeanza na ufukwe mmoja anaoufahamu, au na muundo mmoja anaotaka kujua kwa nini umesimama au kwa nini umebomoka, huwa na neno lake mwenyewe kuanzia barua ya kwanza ya maombi hadi ukurasa wa mwisho wa tasnifu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na fani, unafuata swali, kisha hisabati, na chuo kinakuja baada ya hapo.

Nimemwandikia hasa mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, uhandisi mitambo au uhandisi wa rasilimali za maji. Mwenye shahada ya sayansi ya bahari anaweza kupita njia hiyohiyo, ila atahitaji kujazia masomo ya miundo na ya udongo.

Hatua ya kwanza: tenganisha fani mbili zinazobeba jina moja

Uhandisi wa pwani hushughulika na mahali maji yanapokutana na nchi kavu: fukwe zinazoliwa na bahari, kuta za kuzuia mawimbi, gati, njia za meli zinazojaa mashapo, na kinga ya asili ya mikoko na miamba ya matumbawe. Ugumu wake mkubwa ni kwamba mchanga haukai mahali pamoja, na kwamba dhoruba itakayoujaribu ukuta wako huenda bado haijawahi kupimwa na mtu yeyote. Uhandisi wa bahari kuu hushughulika na vitu vinavyosimama au kuelea mbali na nchi kavu: majukwaa ya gesi na mafuta, mabomba yaliyolazwa sakafuni mwa bahari, nyaya za kuishikilia mitambo inayoelea, na siku hizi minara ya upepo, ambayo shamba lake la kwanza baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991. Huku mwanafunzi huishi na chuma na uchovu wake. Tarehe 27 Machi 1980 mtambo wa Alexander L. Kielland, uliokuwa ukitumika kama malazi ya wafanyakazi katika eneo la Norwei la Bahari ya Kaskazini, ulipinduka na watu 123 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa uliokua taratibu kwenye mhimili mmoja, ukianzia pale kilipochomelewa kishikio cha kifaa kidogo tu. Kila mwanafunzi wa bahari kuu husoma tukio hilo, na anastahili kulisoma.

Pwani yetu ina kazi za aina zote mbili. Kwa upande wa pwani, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, bandari ya Dar es Salaam imeongezwa kina katika gati namba 1 hadi 7, na kuta za bahari zimejengwa Dar es Salaam na Pangani. Kwa upande wa bahari kuu, gesi iliyogunduliwa mbali na Lindi na Mtwara iko chini ya maji yanayofikia kina cha zaidi ya mita 2,000, na jirani zetu wa Msumbiji walisafirisha shehena ya kwanza ya gesi iliyosindikwa juu ya mtambo unaoelea wa Coral Sul mnamo Novemba 2022. Chongoleani, Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia, ni mahali ambapo fani hizi mbili hukutana: matangi yako nchi kavu, gati la kupakilia liko majini.

Maoni yangu ni kwamba anayetaka kufanya kazi nyumbani mara tu atakapomaliza ana nafasi kubwa zaidi katika uhandisi wa pwani, kwa kuwa bandari, madaraja, barabara za kando ya bahari na fukwe zinahitaji mtu kila mwaka, wakati gesi ya kina kirefu inategemea maamuzi ya uwekezaji yasiyo mikononi mwa mhandisi. Aliye tayari kufanya kazi Msumbiji, Ghuba au Bahari ya Kaskazini anaweza kuchagua bahari kuu bila hofu. Usichague zote mbili kwa kuogopa kukosa. Programu nyingi zitakutaka uamue ndani ya miezi michache ya kwanza, na ni heri uamuzi huo uwe umeufanya nyumbani.

Hatua ya pili: tafuta swali, na ulipime kwa mikono yako

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopita mbio.

"Athari za mabadiliko ya tabianchi katika pwani ya Tanzania" si swali, ni kichwa cha warsha. Swali ni kitu ambacho kina jibu, na jibu lake linaweza kuwa na makosa. Chukua Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Ufukwe ule umekuwa ukiliwa kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa mara kwa mara ni uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyomwaga mashapo baharini, ambao huinyima pwani chakula chake. Wakati wa kusi mawimbi husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, sehemu ya mchanga huo hurudi. Kwa hiyo unaweza kuuliza: kati ya kusi moja na kaskazi inayofuata, sehemu hii ya ufukwe inapoteza mchanga kiasi gani, na mchanga huo unaenda kando ya pwani au unatoka kuelekea kilindini? Majibu hayo mawili hudai suluhisho tofauti kabisa. Ukuta hautarudisha mchanga uliokwenda kando, na matuta ya mawe yanayoingia baharini hayatazuia mchanga unaotoka moja kwa moja.

Huhitaji fedha kuanza kulijibu. Kuna njia iliyoelezwa na K. O. Emery mwaka 1961 ambayo hadi leo hutumika duniani kote, na vifaa vyake vinapatikana kwa fundi seremala yeyote. Chonga fimbo mbili za urefu uleule, mita moja na nusu zinatosha, uziwekee alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini. Funga kamba ya mita mbili kati yake. Chagua alama isiyohama, kwa mfano pembe ya msingi wa nyumba au kichwa cha nguzo ya zege, na uanzie hapo kila mara. Mtu mmoja husimama na fimbo upande wa nchi kavu, mwingine husimama na fimbo yake upande wa bahari, kamba ikiwa imekazwa. Aliye nchi kavu hulinganisha kwa jicho ncha ya fimbo ya mwenzake na mstari wa upeo wa macho baharini, kisha husoma mahali mstari huo unapokata fimbo yake mwenyewe. Umbali kutoka juu ya fimbo hadi hapo ndio kimo ambacho mchanga umeshuka katika mita mbili hizo. Ikiwa ardhi inapanda kuelekea baharini, kama inavyokuwa kwenye tuta la mchanga, aliye nchi kavu hulinganisha ncha ya fimbo yake na upeo wa macho na kusoma kwenye fimbo ya mwenzake. Andika, sogea mbele mita mbili, rudia hadi magoti yaingie majini.

Pima wakati wa bamvua maji yanapokupwa, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua huwa yamekupwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo mwanga upo na ufukwe wote uko wazi. Mara mbili kwa mwezi, kwa miezi sita au saba inayogusa kusi na mwanzo wa kaskazi, zitakupa jedwali ambalo maprofesa wachache sana wa Ulaya wanalo kuhusu pwani ya Afrika Mashariki. Jitambulishe kwa serikali ya mtaa kabla ya kuanza, na kaa na wavuvi wanaoegesha ngarawa mahali hapo. Mvuvi mzee atakuonyesha kwa kidole mnazi uliokuwa ufukweni alipokuwa kijana na ambao kisiki chake sasa kimo majini, na hilo ni kipimo, alimradi ulipime umbali wake.

Baada ya hapo ongeza data za bure. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972, na za Sentinel-2, zenye uwezo wa kuonyesha kitu cha mita 10, zinaanzia 2015. Data za upepo na mawimbi za ERA5, za kila saa tangu mwaka 1940, hutolewa bila malipo na mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Vipimo vya usawa wa bahari vya Zanzibar na Mombasa vimehifadhiwa katika kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Jihadhari na jambo moja: miraba ya modeli ya mawimbi ya ERA5 ina upana wa makumi ya kilomita, na hivyo haiwezi kuuona vizuri Mkondo wa Zanzibar, yaani mlango wa bahari kati ya Unguja na bara, wala kivuli cha kisiwa. Mawimbi inayokupa ni ya bahari iliyo wazi upande wa mashariki, nayo hayawezi kuchukuliwa kama yalivyo na kubandikwa Kunduchi. Kuyaleta hadi ufukweni ni kazi nzima, na huenda ikawa nusu ya tasnifu yako.

Anayechagua bahari kuu hawezi kwenda kupima kilindini kwa fimbo, lakini kanuni ni ileile. Chukua muundo mmoja halisi, usome kila ripoti iliyo wazi kwa umma, na utafute sehemu moja ambayo hesabu yake hujaielewa. Bomba la gesi la Songo Songo linapita majini kabla ya kufika nchi kavu. Jiulize kinachotokea mkondo wa bamvua unapochimba mchanga chini ya bomba la namna hiyo na kuliacha likining'inia, na kwa urefu gani wa kuning'inia huanza kutetemeka.

Hatua ya tatu: ziba mapengo ya hisabati kabla ya kuondoka

Programu ya mwaka mmoja haitakusubiri. Wiki ya tatu utakuwa unatatua milinganyo ya mawimbi, na kama hesabu za vinyambuo vya vigeu vingi zimeshika kutu, utatumia usiku wako kwa hisabati badala ya bahari. Miezi minne kabla ya safari rudia vinyambuo hivyo, takwimu za matukio ya nadra, na mitetemo ya miundo kama unaenda bahari kuu. Jifunze kuandika programu ndogo kwa Python. Wiki sita za saa mbili kila jioni hutosha kusoma faili la data, kuchora grafu na kutafuta wastani.

Anza na nadharia ya Airy ya mawimbi madogo, ya karne ya kumi na tisa, ambayo bado ndiyo mlango wa fani. Inakwambia kwamba katika maji ya kina, urefu wa wimbi kwa mita ni takribani 1.56 mara kipindi chake kwa sekunde kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156. La sekunde 6, mita 56. Kaa ufukweni na saa, hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi, na utaanza kusikia tofauti kati ya mawimbi mafupi ya upepo wa jana na mawimbi marefu yaliyosafiri kutoka mbali.

Kisha fanya hesabu moja ya muundo hadi mwisho wake. Nitaionyesha, kwa kuwa ndani yake kuna fani nzima. Fikiria ukuta wa mawe ambao mguuni pake, wakati wa bamvua maji yanapojaa, kuna maji ya kina cha mita 2.5. Wimbi kubwa linaloweza kufika hapo bila kuvunjika kwanza lina kimo cha takribani 0.78 ya kina, yaani mita 1.95. Fomula ya Hudson ya mwaka 1959, kwa mawe ya machimbo yenye uzito wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, mteremko wa moja kwa mbili na kigezo cha uthabiti wa mawe cha 2 kinachotumika kwa mawimbi yanayovunjika, inataka kila jiwe la tabaka la juu liwe na kilo 1,230 hivi. Sasa mchanga wa mguuni uchimbwe na mawimbi kwa nusu mita tu. Kina kinakuwa mita 3, wimbi linakuwa mita 2.34, na jiwe linalohitajika linafika kilo 2,130. Nusu mita ya mchanga imeongeza uzito wa jiwe kwa zaidi ya asilimia 70, kwa sababu uzito huo hufuata kimo cha wimbi kilichopandishwa hadi kipeo cha tatu. Ukielewa hilo, hutakubali tena mchoro wa ukuta usioonyesha jinsi mguu wake ulivyolindwa, na utajua kwa nini kipimo cha fimbo mbili kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Makosa makubwa ya fani hii yamefanywa na watu waliojua fomula. Kizuia mawimbi cha Sines, Ureno, kilichokingwa kwa vipande vya zege vya dolosi, vyenye miguu inayoshikana, vya tani 42 kila kimoja, kilivunjwavunjwa na dhoruba ya Februari 1978 kikiwa bado hakijakamilika. Dolosi yenyewe ni uvumbuzi wa Afrika, ulioanzia bandari ya East London, Afrika Kusini, katika miaka ya 1960, na bado inalinda bandari nyingi. Vipande vikubwa kiasi kile, hata hivyo, vilikuwa vyembamba mno kwa uzito wake mwenyewe, na majaribio ya maabara ya wakati huo hayakuweza kuonyesha zege likikatika.

Hatua ya nne: chagua chuo kwa bahari kinayoisoma

Kila idara kubwa ya fani hii ilijengwa na tatizo la nchi yake. Uholanzi ilipoteza watu 1,836 katika mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, na chuo kikuu cha teknolojia cha Delft kina nguvu katika mchanga, mabwawa ya kuzuia bahari na uchimbaji wa kina. Katika mji huohuo kuna IHE Delft, taasisi inayofundisha wahandisi wa maji kutoka nchi zinazoendelea tangu mwaka 1957. Norwei ilipata mafuta ya Ekofisk mwaka 1969, na NTNU, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Trondheim, inajua miundo ya bahari kuu. Kwa miaka mingi vyuo vya Trondheim, Delft, Barcelona, London na Southampton viliendesha pamoja shahada ya miaka miwili ya uhandisi na usimamizi wa pwani na bahari, iitwayo CoMEM. Uingereza ina Southampton, Strathclyde na Cranfield. Afrika Kusini ina Chuo Kikuu cha Stellenbosch, chenye utaalamu wa bandari na pwani na kilicho mji mmoja na maabara ya pwani ya CSIR, baraza la utafiti wa kisayansi la nchi hiyo. China ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dalian, chenye maabara ya taifa ya uhandisi wa pwani na bahari kuu, na Chuo Kikuu cha Hohai, Nanjing, chenye kitivo kizima cha bandari na pwani. India ina idara ya uhandisi wa bahari katika taasisi ya teknolojia ya IIT Madras.

Tazama sasa kinachokosekana. Pwani yetu ina miamba ya matumbawe inayokaa kama ukuta mbele ya ufukwe, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inayokaribia mita nne wakati wa bamvua. Maji yanapokupwa, mwamba hulizuia karibu wimbi zima. Yanapojaa, wimbi hupita juu yake na kufika ufukweni. Fukwe za mchanga za Uholanzi hazina tabia hiyo. Walioisoma kwa kina miamba ya namna hii wako zaidi Hawaii na Australia Magharibi, ambako mwamba wa Ningaloo umepimwa sana. Hii haina maana kwamba usiende Delft. Ina maana kwamba ukienda, nenda ukijua kuwa wao watakupa zana na wewe utawapa bahari wasiyokuwa nayo, na umwandikie mapema mhadhiri ambaye angependa kuipata. Mimi binafsi, kwa swali la ufukwe wenye mwamba, ningemtazama msimamizi kabla ya jina la chuo.

Linganisha pia muda. Shahada ya Uingereza kwa kawaida humalizika ndani ya mwaka mmoja, na tasnifu hupata miezi mitatu au minne tu. Ya Uholanzi huchukua miaka miwili, na tasnifu yake huweza kuchukua zaidi ya nusu mwaka. Mwenye swali lake na data yake anaweza kufaulu katika mwaka mmoja. Asiye navyo atateseka.

Hatua ya tano: fedha na kalenda

Anza miezi 16 kabla ya masomo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ule wa Jumuiya ya Madola hufuata muda mfupi baadaye. Shahada za pamoja za Erasmus Mundus hutoa, kwa waliochaguliwa, euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na maombi yake kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Januari. Ufadhili wa serikali ya China huombwa kupitia ubalozi au kupitia chuo chenyewe, mara nyingi miezi ya mwanzo ya mwaka. Norwei ilianza mwaka 2023 kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo taarifa za zamani za masomo ya bure huko zisikupoteze. Kwa atakayesoma ndani ya ukanda huu, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti wa bahari, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja, ni mlango wa kubisha mapema.

Weka akiba ya gharama ambazo mfadhili hurudisha baadaye au harudishi kabisa: mtihani wa Kiingereza, viza, kipimo cha kifua kikuu kwa wanaokwenda Uingereza, na kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza. Nimewaona wawili wakipata ufadhili kamili na kukaribia kuupoteza kwa kukosa fedha za wiki tatu za mwanzo.

Hatua ya sita: andika maombi yasiyoweza kuandikwa na mwingine

Barua nyingi huanza hivi: "Tangu utotoni nimeipenda bahari, na nchi yangu ina ukanda mrefu wa pwani unaokabiliwa na mabadiliko ya tabianchi." Hakuna uongo ndani yake, na hakuna mtu pia. Linganisha na mfano huu: "Kati ya Mei na Novemba nilipima mara 14 mistari miwili ya ufukwe ulio pande mbili za mlango wa kijito. Mstari wa kusini ulishuka kwa sentimita 60 karibu na mguu wa ukuta. Wa kaskazini haukubadilika. Bado sijui kama mchanga ulikwenda kando ya pwani au kilindini, na kipimo changu hakiwezi kuamua, kwa sababu kinaishia pale maji yanapofika magotini. Nataka kujifunza kupima na kukokotoa sehemu iliyobaki." Aya hiyo inaonyesha kazi, inaonyesha mpaka wa kazi, na inaeleza kwa nini shahada inahitajika. Msomaji wa maombi aliyechoka atasimama hapo.

Wape waandishi wa barua za mapendekezo wiki sita, pamoja na ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya chini yao, na uwakumbushe kwa heshima wiki mbili kabla ya mwisho. Ambatisha maelezo ya mfumo wa alama wa chuo chako: GPA ya 3.8 kati ya 5 ikisomwa na mtu aliyezoea mfumo wa 4 humpa picha isiyo sahihi kabisa.

Hatua ya saba: masomo na tasnifu

Jifunze programu huria kwanza. SWAN kwa mawimbi, Delft3D kwa mikondo na mashapo, XBeach kwa dhoruba ufukweni: zote unaweza kuzipata bila malipo na kuendelea kuzitumia ukirudi nyumbani, ambako leseni ya programu ya kibiashara huenda isipatikane. Ingia maabara ya mfereji wa mawimbi kila unapopewa nafasi, hata kubeba mawe ya jaribio la mwenzako. Wimbi likivunjika mbele ya macho yako mara mia mbili linakufundisha kitu ambacho mlinganyo hausemi.

Nitaje kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ni la kawaida sana. Nilijenga modeli nikitumia kina kutoka ramani ya mabaharia na urefu wa ufukwe kutoka vipimo vya ardhi, nikaviunganisha bila kufikiri. Ramani ya mabaharia hupima kina kuanzia usawa wa maji ya chini kabisa, ili nahodha asikwame. Vipimo vya ardhi huanzia wastani wa usawa wa bahari. Katika pwani yetu tofauti kati ya viwili hivyo inakaribia mita mbili. Modeli yangu ilikuwa na ufukwe uliokatika kama ngazi, na wiki tatu zilipita nikiitafuta hitilafu kwenye mawimbi. Kabla ya jambo lolote, andika juu ya karatasi ya kwanza ya tasnifu yako: urefu wote umepimwa kutoka wapi.

Linganisha modeli na kipimo ambacho hukukitumia kuirekebisha. Ukirekebisha kwa vipimo vya kusi, ijaribu kwa vya kaskazi. Ikishindwa, eleza imeshindwa wapi. Wasimamizi wazuri huheshimu sura hiyo kuliko grafu zinazokubaliana mno.

Hatua ya nane: kurudi

Mambo ya nyaraka yafanywe kabla ya kuondoka, si baada. Mtanzania ahakikishe kwamba chuo na programu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa kuwa shahada ya nje itapitia huko. Mkenya afanye hivyo kwa CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya. Usajili wako wa bodi ya wahandisi, ERB kwa Tanzania au EBK kwa Kenya, uwe hai muda wote wa masomo. Mhitimu ambaye hajafikia usajili wa mhandisi mtaalamu nchini Tanzania aulize ERB jinsi miezi ya masomo inavyohesabiwa katika SEAP, mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, ambayo huchukua miaka mitatu, na apate jibu hilo kwa maandishi.

Anayelenga majukwaa ya bahari kuu atahitaji pia cheti cha usalama na uokoaji baharini pamoja na cheti cha afya; huwa na muda wa kuisha, kwa hiyo usivichukue hadi kazi ionekane.

Na tasnifu ikishapita, hifadhi vipimo vyako vya ufukwe, jedwali zima pamoja na mahali pa alama isiyohama na picha yake, katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, Mombasa. Wape nakala serikali ya mtaa uliyojitambulisha kwao na wavuvi waliokuonyesha kisiki cha mnazi, ukiwaeleza kwa Kiswahili namba zinasema nini. Acha na zile fimbo mbili, ili atakayekuja kupima baada yako aanzie kwenye alama ileile.